Gari Lenye Kilomita Nyingi Linakula Oili: Pima Kwanza, Injini Ishushwe Baadaye

Oili ina njia tatu tu za kutoka kwenye injini. Inavuja nje, inaungua ndani ya silinda, au inaingia kwenye maji ya rejeta. Kazi yote ya kutafuta tatizo ni kujua ni ipi kati ya hizo tatu, na ukishaijua, kutafuta kifaa kinachoiruhusu. Nasema hivi mwanzoni kwa sababu ukiingia gereji nyingi za huku kwetu, iwe Mtwara mjini, Masasi au Lindi, ukitamka tu kwamba gari linakula oili, jibu linakuwa tayari: "Ringi zimekufa hizo, tushushe injini." Wanamaanisha ringi za pistoni, zile zinazoziba pengo kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Wakati mwingine ni kweli. Lakini injini huwa zinashushwa kwa kosa la valvu ndogo ya plastiki ambayo ungeibadilisha kwa mkono mmoja huku unaongea na simu.

Fuata mpangilio huu kama ulivyo, kuanzia kisicho na gharama hadi chenye gharama. Usiruke hatua kwa kuwa umeshaona moshi.

Kiasi gani ni kingi?

Hakuna injini isiyokula oili kabisa. Ukuta wa silinda lazima ubaki na utando wa oili, na utando huo huungua kidogo kila pistoni inaposhuka. Kwenye vitabu vya magari yake mengi Volkswagen huandika kwamba hadi nusu lita kwa kilomita 1,000 inaweza kutumika. Toyota huko Marekani, iliposhughulikia malalamiko ya injini za 2AZ-FE, iliweka mpaka wa kwati moja, yaani karibu lita moja, kwa maili 1,200, ambazo ni kilomita 1,930 hivi. Likizidi hapo, gari lilihesabiwa kuwa na tatizo.

Kwa magari tuliyonayo, IST, Raum, Spacio, RAV4 na Noah zilizokwisha kuvuka kilomita 200,000 (na dashibodi ya gari la mtumba usiiamini sana, huenda lilivuka kabla halijapanda meli), kipimo changu ni hiki. Lita moja kwa kilomita 4,000 au zaidi, ongeza oili uendelee na maisha. Lita moja kwa kilomita 2,000, anza uchunguzi. Lita moja kwa kilomita 1,000 au chini ya hapo, usilipeleke safari ndefu kabla hujajua linakopotelea.

Hatua ya 1: Pima matumizi kwa namba

"Linakula sana" si kipimo. Watu wengi hupima asubuhi moja uwanja ukiwa tambarare, wakapima tena jioni gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko na injini imezimwa sasa hivi, kisha wakaogopa. Chagua sehemu moja iliyo sawa na muda mmoja. Mimi napenda asubuhi kabla ya kuwasha, kwa sababu oili yote imeshashuka chini. Ukitaka kupima injini ikiwa ya moto, zima, subiri dakika 10, ndipo uchomoe dipstiki, uifute, uirudishe hadi mwisho, uichomoe tena.

Jaza oili hadi alama ya juu, isizidi hapo. Andika kilomita kwenye daftari au kwenye simu. Kisha tembea. Wa Mtwara tuna bahati ya kipimo cha asili: kwenda Dar na kurudi ni zaidi ya kilomita 1,000. Kama huna safari hiyo, mizunguko ya Masasi au Newala itafika tu, ila usihesabu kwa siku, hesabu kwa kilomita.

Ukirudi, usisome dipstiki ukakisia. Chukua chupa yenye alama za mililita, hata ya kunyonyeshea mtoto ambayo haitumiki tena, uongeze oili kidogo kidogo hadi urudi kwenye alama ileile ya juu. Kiasi ulichomimina ndicho kilichopotea. Gawanya kwa kilomita ulizotembea, zidisha kwa 1,000. Ukimimina mililita 700 baada ya kilomita 1,150, gari linatumia karibu mililita 610 kwa kila kilomita 1,000. Sasa una namba ya kumwambia fundi, na baada ya matengenezo utakuwa na namba ya kumdai.

Kuna mtego mmoja hapa. Gari la mizunguko mifupi ya mjini, Shangani hadi sokoni, soko hadi Ligula, halipati joto la kutosha. Petroli kidogo hupita kwenye ringi ikajichanganya na oili, na kimo kinabaki palepale ingawa oili halisi inapungua. Siku ukilipeleka Dar, petroli ile inapata joto na kuyeyuka kama mvuke, na ukifika Kibiti unakuta oili "imekauka ghafla". Haikukauka siku ile. Ndiyo maana kipimo kifanyike kwenye safari ya barabara kuu, tena baada ya kumwaga oili ya zamani na kuweka mpya.

Hatua ya 2: Jiulize umeweka oili gani

Oili ya kupima kutoka kwenye pipa hujui ni namba gani, wala hujui kama ni mpya. Kwa uchunguzi huu nunua galoni lililofungwa, dukani unakoamini, lenye namba inayotajwa na kitabu cha gari. Injini nyingi za Toyota za petroli za miaka hiyo zinakubali 5W-30, na kwa joto la pwani yetu 10W-40 kwenye injini iliyochoka ni uamuzi wa busara. Kurukia 20W-50 kwenye injini ya VVT-i (yenye mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa valvu kwa presha ya oili) sikushauri: njia za oili za mfumo ule ni nyembamba. Unaweza kupunguza moshi kidogo ukaongeza kelele za taimingi cheni.

Na usijaze kupita alama. Oili ikizidi, krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inaipiga inakuwa povu, povu linavutwa kwenye njia ya hewa na kuungua. Kuna watu wanaojaza zaidi "ili isipungue", na ziada ile ndiyo inayopungua kwa kasi kuliko yote.

Hatua ya 3: Kuvuja nje

Osha injini kwa mafuta ya taa kidogo na brashi, kisha sabuni, ikiwa ya baridi, huku umefunika altaneta na viunganishi vya umeme kwa nailoni. Kausha. Tembea siku moja au mbili, kisha ulale chini ya gari na tochi. Kama huoni chanzo, paka poda ya mtoto sehemu unazozishuku: oili ikitoka itachora mstari mweusi juu ya weupe.

Angalia kuanzia juu kwenda chini, kwa kuwa oili hushuka na upepo huisukuma nyuma. Anza na gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), kisha swichi ya presha ya oili, kitako cha filta, sili ya puli ya krenki, boliti ya kumwagia oili na washa yake, na mwisho sehemu injini inapoungana na gia boksi. Ukiona unyevu pale chini tu, usiseme haraka kwamba ni sili ya nyuma ya krenki. Mara nyingi ni tapeti kava inayomwaga nyuma ya injini, mahali usipoona.

Kwa magari yanayolala karibu na bahari, Mikindani au Msimbati, pigapiga sampu, lile beseni la chini, kwa mpini wa bisibisi. Chumvi hula bati lake polepole hadi linatoa jasho la oili bila tundu la kuonekana.

Sasa tumia akili na namba yako. Tone moja usiku juu ya kipande cha boksi haliwezi kuwa sababu ya kupoteza lita moja kwa kilomita 1,000. Ila kuna sili zinazovuja injini ikiwa inazunguka tu, na boksi litabaki kavu kabisa huku sehemu yote ya chini ya gari imepakwa oili hadi nyuma. Kwa hiyo angalia gari lilipotoka safarini, si asubuhi tu.

Hatua ya 4: Maji

Hii ni fupi. Injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua rejeta na chupa ya akiba. Ukiona utando wa oili au uji wa rangi ya maziwa ya kahawa, una tatizo la gasketi ya silinda hedi au la kifaa cha kupoza oili, na uchunguzi wako umeishia hapo. Uji kidogo chini ya kizibo cha kujazia oili peke yake, kwa gari la safari fupi msimu wa mvua, unaweza kuwa ni mvuke wa maji tu. Litembeze safari ndefu uangalie tena.

Hatua ya 5: Valvu ya PCV, ambayo karibu kila mtu huisahau

Kila injini hupitisha gesi kidogo kutoka juu ya pistoni kwenda chini kwenye krenki. Gesi hiyo lazima itoke, na PCV ndiyo mlango wake: huirudisha kwenye njia ya hewa ikaungue. Ikiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili nje kupitia kila sili iliyo dhaifu. Ikikwama wazi, inavuta mvuke wa oili moja kwa moja hadi kwenye silinda, na gari linatoa moshi wa bluu kama la ringi mbovu. Kifaa kimoja, makosa mawili tofauti, na yote mawili yanaweza kukupeleka kushusha injini bure.

Kwenye injini nyingi za Toyota za petroli utaikuta kwenye tapeti kava, na mpira unaokwenda kwenye manifoldi ya hewa, bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Ichomoe, itikise karibu na sikio. Nzima inalia kachakacha. Bubu imejaa masizi. Ipulize upande wa injini: hewa ipite. Ipulize upande wa manifoldi: isipite, au ipite kwa shida sana. Ukiona haifanyi hivyo, badilisha, usiihangaikie kuiosha. Na mpira wake uukamue kwa vidole, ukiwa umekauka au una ufa nao utupwe.

Kisha fanya jaribio la karatasi. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua kizibo cha kujazia oili, weka karatasi nyepesi juu ya tundu. Ikivutwa kidogo au ikatulia, mambo ni mazuri. Ikirushwa juu kwa pumzi za "pufu, pufu" zenye moshi, ama PCV imeziba ama ringi zinapitisha gesi nyingi. Badilisha PCV kwanza, rudia jaribio, ndipo uhukumu.

Chungulia pia ndani ya mpira mkubwa unaotoka kwenye ea klina kwenda kwenye throtoli, mlango wa hewa unaofunguka unapokanyaga mafuta. Ukikuta oili imetuama chini yake, imefika pale kwa njia ya mvuke wa krenki, au kwa gari lenye turbo, inatoka kwenye sili za turbo.

Hatua ya 6: Soma moshi, lakini ujue unachosoma

Mweusi ni mafuta mengi. Mweupe unaopotea baada ya dakika chache asubuhi ni unyevu, mweupe mzito usioisha wenye harufu tamu ni maji ya rejeta. Bluu, au kijivu chenye ubluu na harufu kali inayokwaruza koo, ndiyo oili. Swali ni unatoka wakati gani.

Ukitoka puu asubuhi gari likiwashwa, kisha ukakatika, zishuku sili za valvu. Usiku kucha oili imeshuka taratibu kupitia kwenye vijiti vya valvu ikatuama juu ya pistoni. Ukitoka unapokanyaga mafuta kwenye mlima gari likiwa na mzigo, ni ringi au silinda zilizolika.

Kwa jaribio la tatu, wenzetu wa kusini tuna mahali pazuri kuliko gereji yoyote. Teremka kutoka Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, kuelekea Masasi. Tia gia ndogo, achia mafuta kabisa, injini ishike gari mteremko mzima. Wakati huo throtoli imefungwa na manifoldi inavuta kwa nguvu zake zote, ikifyonza oili kupitia gaidi (vibomba ambamo vijiti vya valvu hupita) na sili za valvu. Chini kabisa, barabara ikishakuwa sawa, kanyaga. Mtu aliyeko kwenye gari la nyuma akiona wingu la bluu limetoka mara moja kisha likaisha, ni sili za valvu au gaidi zake. Likiendelea kutoka kadiri unavyokanyaga, ni ringi. Mwenye kuangalia awe nyuma kweli, kwenye kioo chako huoni kitu cha maana.

Usidanganyike na kukosekana kwa moshi. Lita moja kwa kilomita 1,000 ni mililita moja kwa kilomita, yaani kijiko cha chai kwa kila kilomita 5. Kiasi hicho kikisambaa kwenye silinda nne na kupita kwenye masega (kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la moshi) yaliyo mazima, hakuna anayekiona. Gari "lisilotoa moshi" linaweza kumaliza nusu ya oili yake kabla ya sevisi, na masega yenyewe yanaanza kuziba kimyakimya hadi siku gari litakapokosa nguvu.

Hatua ya 7: Plagi zinazungumza silinda kwa silinda

Chomoa plagi zote uzipange kwa mpangilio wa silinda. Tofautisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Oili kwenye mwili wa plagi kwa juu na kwenye nyuzi, huku ncha imekauka, inatoka kwenye sili za mashimo ya plagi zilizo ndani ya tapeti kava. Huo ni uvujaji tu, badilisha gasketi. Oili au masizi meusi yenye kung'aa kwenye ncha yenyewe, au maganda ya majivu meupe yaliyojenga upande mmoja, ndiyo oili inayoungua.

Ikiwa ni plagi moja tu kati ya nne, tatizo ni la silinda hiyo: ringi iliyovunjika, mkwaruzo, au sili moja ya valvu iliyochomoka. Zikiwa zote nne sawasawa, fikiria ringi zilizokwama kwa masizi au PCV.

Hatua ya 8: Kompresheni, na kosa kubwa la gereji zetu

Injini iwe ya moto. Toa plagi zote, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na waya za koili, mwenzio akanyage mafuta hadi chini, betri iwe imejaa. Zungusha kwa staata hadi geji isipande tena, kila silinda idadi ileile ya mizunguko. Kwa 1NZ-FE, ile ya 1.5 iliyomo kwenye IST na Raum nyingi, injini nzima inasoma karibu psi 213 (psi ni kipimo cha presha), isishuke chini ya psi 156, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Injini nyingine zina namba zake, ila tofauti kati ya silinda ndiyo ya kuangaliwa zaidi.

Silinda iliyo chini, mimina ndani yake kijiko kimoja cha chakula cha oili, zungusha mara chache, pima tena. Ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi, kwa hiyo ringi au silinda zimelika. Isipopanda, hewa inapotelea kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Sasa kosa lenyewe. Geji inasoma vizuri, fundi anasema: "Kompresheni nzuri, ringi nzima." Sivyo. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu zinashika kompresheni. Ya tatu kazi yake ni kukwangua oili tu, na hiyo ndiyo inayokwama kwanza kwa masizi, hasa pale sevisi zilipocheleweshwa. Gari linaweza kuwa na kompresheni ya kupendeza na bado likanywa oili. Tena oili iliyojaa juu ya pistoni huongeza usomaji. Kwa hiyo kompresheni mbaya inathibitisha ubovu, lakini kompresheni nzuri haimsafishi mtu.

Mwenye kompresa na geji za kupima upotevu wa hewa afanye jaribio hilo: pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefungwa, jaza hewa kwenye shimo la plagi usikilize. Mluzi kwenye kizibo cha oili ni ringi, kwenye bomba la moshi ni valvu ya kutolea, kwenye throtoli ni valvu ya kuingizia, mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Ukishathibitisha kwamba ringi au silinda zimelika, tafuta kilichozila. Gari lililofanya kazi za Liwale au Nachingwea, kwenye barabara za vumbi, fungua ea klina upitishe kitambaa cheupe ndani ya mpira ulio baada ya filta. Kikitoka na vumbi jekundu, mchanga mwembamba umekuwa ukiingia kwenye silinda. Ukifanya ovahoo, yaani kuifungua injini na kuifufua upya, bila kuziba mahali vumbi linapopita, utarudi palepale.

Kuamua la kufanya

Sili za valvu zinaweza kubadilishwa bila kufungua silinda hedi: hewa ya kompresa inashikilia valvu zisidondoke. Mtafute fundi aliyewahi kufanya hivyo, akikuambia lazima hedi ishuke muulize kwa nini.

Ringi za oili zilizokwama, kabla ya kushusha injini, jaribu kuloweka. Dawa ya kuyeyusha masizi inamiminwa kwenye mashimo ya plagi injini ikiwa ya uvuguvugu, inaachwa usiku kucha, inafyonzwa yote, na injini inazungushwa bila plagi kabla ya kuwashwa. Usiwashe kukiwa na kimiminika juu ya pistoni, konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, itapinda. Baadaye mwaga oili na filta, kisha rudia kipimo cha hatua ya 1. Mara nyingine matumizi yanapungua sana, mara nyingine hayabadiliki hata kidogo. Ni bahati nasibu, ila ya bei nafuu.

Wenye 1ZZ-FE za mwanzo, hadi takriban 2002, zilizomo kwenye Spacio, Premio, Allion na RAV4 za 1.8, mjue jambo moja: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni zake yalikuwa madogo na machache. Kuweka ringi mpya kwenye pistoni zilezile ni kununua miaka michache tu. Ukifungua, weka pistoni za toleo lililorekebishwa, au tafuta injini ya mtumba ya miaka ya baadaye, na kabla hujailipa, chomoa plagi zake na ufungue kizibo cha oili uchungulie masizi.

Na kama namba yako ni lita moja kwa kilomita 2,500, plagi zinafanya kazi na gari halikusumbui, kwangu mimi hakuna aibu kuliacha hivyo. Piga hesabu ya oili ya mwaka mzima uilinganishe na bei ya ovahoo. Weka galoni dogo kwenye buti, pima kila unapojaza mafuta, na kwa safari ya Dar pima tena Nangurukuru. Taa nyekundu ya oili haipimi kimo, inapima presha. Ikimetameta kwenye kona, oili imeshapungua kupita kiasi na beringi za krenki zinafanya kazi zikiwa kavu. Zima injini papo hapo, usisogee hata hadi kituo kinachofuata. Dereva wa boda anaweza kukuletea oili, lakini injini iliyonoki itapanda lori.